Dawa Kongwe, Maradhi ya Kurithi: Selimundu na Safari ya Haidroksiurea

Jina la Niemba, katika eneo la Kalemie, huingia katika vitabu vya historia kwa sababu ya tarehe 8 Novemba 1960, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipoviziwa huko na tisa miongoni mwao wakauawa. Makala haya yanaitazama Niemba kwa jicho lingine. Yanauliza: dawa iliyokwisha kuwapo kwa ajili ya maradhi mengine hufikaje kuwa tiba ya maradhi ya kurithi, na safari yake hukomea wapi?

Maradhi tunayoyakusudia ni selimundu. Istilahi hii imeundwa kwa maneno mawili, seli na mundu, kwani chembe nyekundu za damu hujipinda mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. James Herrick wa Chicago aliyaeleza mwaka 1910. Linus Pauling na wenzake wakathibitisha mwaka 1949 kwamba chanzo ni himoglobini iliyo tofauti. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye augue.

Kwa hiyo neno "adimu" hutegemea mahali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 huhesabu kuwa adimu maradhi yenye wagonjwa wasiozidi 200,000 nchini humo, na selimundu imo. Ilhali zaidi ya watoto 300,000 hukadiriwa kuzaliwa nayo kila mwaka duniani, na walio wengi huzaliwa Afrika.

Haidroksiurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, na mwaka 1967 ikaidhinishwa Marekani kutibu saratani. Ufunguo wa matumizi yake mapya ulitoka kwingine. Mwaka 1948 Janet Watson alitambua kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawasumbuki sana miezi ya mwanzo, kwa kuwa bado wana himoglobini ya kijusi, isiyojipinda. Swali likawa: yawezekana kuirejesha? Mwaka 1984 Orah Platt na wenzake walionyesha kwamba haidroksiurea huiongeza. Jaribio la watu wazima 299, lililochapishwa mwaka 1995, likapata kwamba vipindi vya maumivu vilipungua kwa karibu asilimia 44. Idhini ikafuata mwaka 1998.

Afrika ilibaki na shaka ya haki. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe. Je, haitamdhoofisha mtoto aishiye penye malaria? Jibu lilitafutwa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, katika jaribio lililosimamiwa na Léon Tshilolo, Russell Ware na wenzao. Watoto 606 walianza dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na kabla ya tiba, malaria ilishuka kutoka matukio 46.9 hadi 22.9 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Hapakuwa na kundi la watoto wasiopewa dawa, lakini hofu ya awali haikuthibitika.

Hapana budi kuzingatia miaka yenyewe. Baina ya idhini ya Marekani na matokeo haya ya Afrika ilipita takriban miaka 20, na kemikali ni ile ile. Kilichokosekana ni ushahidi uliokusanywa penye wagonjwa. Ushahidi sasa upo, na sehemu yake imetoka Kongo yenyewe. Lakini Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Niemba. Dawa hii hudai kwanza mtoto apimwe na kutambuliwa, kisha damu yake ichunguzwe mara kwa mara ili kipimo cha dawa kisimdhuru. Historia ya dawa, basi, haimalizikii kwenye idhini wala kwenye uchapishaji wa matokeo. Humalizikia pale mzazi wa kijiji kilicho kando ya reli anapoweza kuambiwa jina la maradhi ya mwanawe, na kuipata dawa mwezi baada ya mwezi.