Binyavanga Wainaina: Aliyejiandika Mwenyewe

Kabaka Mwanga II wa Buganda hutajwa sana katika historia ya mapenzi ya jinsia moja, lakini habari zake nyingi ziliandikwa na wamisionari waliompinga. Sauti yake mwenyewe haisikiki humo.

Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya aliyezaliwa Nakuru mwaka 1971, hakusubiri kuandikwa na wengine. Januari 2014, ingawa sheria ya nchi yake iliadhibu mapenzi hayo, alichapisha insha akajitangaza kuwa shoga. Humo anajiona akimwambia mama yake, ambaye kwa kweli alifariki mwaka 2000 bila kuambiwa. Wainaina naye alifariki mwaka 2019.

Hapa Kigali tukimjadili darasani, wapo watakaomkubali na watakaomkataa. Wote tuanze na maneno yake, si uvumi.