Malazi ya Wagonjwa katika Matembe ya Unyanyembe

Misafara ya pwani ilipofika Kaze, makazi ya Waarabu katika nchi ya Unyanyembe, jirani na mji tuuitao leo Tabora, aghalabu ilikuwa na wagonjwa wengi wa kupumzishwa kama ilivyokuwa na mizigo ya kutuliwa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliingia hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari, miili imedhoofishwa na homa. Na kwa kuwa katika njia ile nzima hapakuwa na hospitali, tiba waliyoikuta kwanza ilikuwa nyumba.

Nyumba yenyewe ni tembe, jengo la wenyeji wa bara ambalo Waarabu walilipanua kwa kadiri ya haja zao: kuta nene za udongo, paa bapa lililoshindiliwa udongo juu ya miti, baraza pana iliyotandikwa mikeka na mazulia, kisha ukumbi, na ndani kabisa vyumba visivyo na madirisha ila vitundu vidogo, ambamo siku ya vita ilipenyezwa mitutu ya bunduki. Fundi hakumkusudia mgonjwa. Walakini kwa mtu aliyechomwa njiani na jua la nchi ya Ugogo, giza lile la ubaridi, nadhani, lilikuwa rahimu kuliko weupe wa wodi zetu. Speke alikuwa amekaribia kupofuka kwa maradhi ya macho katika njia ya kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Waliporejea Kaze Juni 1858 walipumzika humo, na mwezi uliofuata akapata nguvu za kuliendea ziwa la kaskazini, Nyanza.

Mwenyeji wao, Snay bin Amir wa kabila la Harithi, ambaye maisha yake aliyaanza Maskati kwa kupika vitu vitamu, hakuwaachia wageni kuta tupu. Alimzuru Burton katika ugonjwa wake, akamfundisha Kinyamwezi na kumsimulia habari za bara, na mazungumzo ya mtu mwenye elimu ni dawa ambayo matabibu huisahau. Mwandishi wa habari Stanley naye, alipowasili Unyanyembe mwaka 1871, aliletewa sinia la wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na ndimu. Homa ilipomwangusha baadaye, alilala katika tembe la Kwihara, jirani na Kaze, ambamo mpelelezi Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi hadi alipoondoka tarehe 25 Agosti.

Lakini ukarimu huo ulikuwa na mipaka yake, nayo ni wajibu kuitaja. Aliyepewa zulia na komamanga ni mgeni mwenye cheo, au mwenye barua ya Sultani wa Unguja. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo mabegani tangu Bagamoyo, akishikwa na ndui, hakufunguliwa mlango wa tembe lolote. Wenzake walimkwepa, msafara ukasonga mbele, na Burton mwenyewe ameandika habari za maiti walioachwa kando ya njia hiyo.