Chini ya Nyasi za Flint

Binamu yangu anaishi Flint, Michigan. Nilipomtembelea alinipeleka kando ya mto, mahali wanapopaita Chevy in the Hole. Ni nyasi na vijia tu, ungedhani Uhuru Park. Lakini Februari 1, 1937, wafanyakazi waliomgoma General Motors waliteka hapa Kiwanda Namba 4 cha Chevrolet. Siku kumi baadaye kampuni ikakitambua chama chao.

Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu karibu 197,000. Kufikia 2020 walibaki 81,000 hivi. Viwanda vilibomolewa, mafuta na metali zikabaki udongoni.

Nilidhani wapimaji huanza kwa kuchimba. Wapi! Huanza na makaratasi: picha za angani, ramani za zamani za bima zinazoonyesha tangi lilikaa wapi. Yaani, ni wanahistoria kwanza. Ndipo wanatoboa, wanapima udongo na maji ya chini. Ardhi ya nyumba hudai usafi kuliko ya bustani, na kusafisha ni ghali, basi hapa walifunika kwa udongo safi wakapanda nyasi.

Binamu angependa nyumba, watu warudi. Nikamuuliza kama angehamia hapa na watoto wake. Akasema tuendelee kutembea.