Mitandao ya kijamii katika utafiti wa uhasibu

Mitandao ya kijamii katika utafiti wa uhasibu ni matumizi ya machapisho ya kampuni, wawekezaji na wateja kwenye mitandao kama Twitter (sasa X) na Facebook ili kuchunguza jinsi habari za fedha zinavyosambaa na kuathiri bei za hisa. Taarifa za fedha huonyesha kampuni imesema nini. Mitandao ya kijamii huwasaidia watafiti kuona habari hiyo ilisambazwa lini, kwa njia gani, na ilipokewaje.

Usuli

Tangu mwaka 2000, kanuni ya Marekani inazikataza kampuni zenye hisa sokoni kuwapa wachambuzi au wawekezaji wachache habari muhimu kabla ya umma. Julai 2012 Reed Hastings, mkurugenzi mkuu wa Netflix, aliandika kwenye ukurasa wake wa Facebook kwamba wateja walikuwa wametazama zaidi ya saa bilioni 1 katika mwezi wa Juni. Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani (SEC) ilichunguza jambo hilo. Aprili 2013 ilieleza kuwa kampuni inaweza kutangaza habari kwenye mitandao ya kijamii, mradi imewajulisha wawekezaji mapema ni mitandao ipi itakayotumika.

Matokeo ya utafiti

Mwaka 2014 Elizabeth Blankespoor, Gregory Miller na Hal White walichapisha utafiti kuhusu kampuni za teknolojia zilizotuma viungo vya taarifa zao kupitia Twitter. Waligundua kuwa tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia hisa ilipungua, hasa kwa kampuni zisizojulikana sana. Kwa kuwa taarifa zenyewe zilikuwa tayari zimetolewa, matokeo hayo yalionyesha kwamba usambazaji pekee una thamani yake.

Mwaka 2015 Lian Fen Lee, Amy Hutton na Susan Shu walichunguza kampuni zilizorudisha bidhaa zenye kasoro kutoka sokoni. Kampuni zilizotumia mitandao ya kijamii zilipata hasara ndogo zaidi ya bei ya hisa, lakini nafuu hiyo ilipungua kadiri watumiaji wengine walivyoandika zaidi kuhusu tukio hilo.

Utafiti wa Michael Jung na wenzake wa mwaka 2018 ulionyesha upande mwingine: kampuni huelekea kutangaza matokeo mazuri ya robo mwaka kwenye Twitter na kunyamazia mabaya. Hivyo mwekezaji mdogo anayetegemea mtandao pekee anaweza kupata picha isiyo kamili.

Mbinu

Watafiti huhesabu machapisho na kupima kama maneno yake ni mazuri au mabaya. Kazi hiyo inahitaji orodha za maneno zinazofaa uhasibu. Mwaka 2011 Tim Loughran na Bill McDonald walionyesha kuwa karibu robo tatu ya maneno yaliyohesabiwa kuwa mabaya katika kamusi ya jumla ya Kiingereza hayana ubaya katika taarifa za fedha. Mifano ni maneno yenye maana ya kodi, gharama na dhima. Orodha ya Kiingereza haiwezi kutumiwa moja kwa moja kwa machapisho ya Kiswahili.

Mipaka

Wanaoandika mitandaoni hawawakilishi wawekezaji wote, na baadhi ya akaunti huendeshwa na programu. Habari za uongo pia huweza kutikisa soko: Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press ilidukuliwa na kutangaza milipuko katika Ikulu ya Marekani, na bei za hisa zikashuka kwa dakika chache kabla ya kupanda tena.

Aidha, data ni mali ya kampuni zinazomiliki mitandao. Mwaka 2023 Twitter iliondoa njia ya bure ambayo watafiti waliitumia kupata data zake, na kurudia tafiti za awali ili kuzihakiki kukawa kugumu zaidi.