Kuacha pombe: siku za kwanza zinaomba munganga
Mtu aliyekunywa kanyanga ao sapilo kila siku kwa miaka, siku anapoamua kuacha, jamaa yake inafurahi. Lakini mwili umekwisha kuzoea, na kukata pombe mara moja kunaweza kumuua. (Anayekunywa kasiksi Siku ya Mungu tu, hii haimuhusu.)

Saa 6 hadi 24 nyuma ya kopo la mwisho, mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi unakataa. Ndani ya siku 2 anaweza kuanguka kifafa. Kisha, siku ya 2 hadi ya 4, wengine wanaona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo. Hapo ndipo jamaa nyingi zinasema amerogwa, wanamupeleka chumba cha maombi na kumufungisha chakula. Kuomba si vibaya, ila kumunyima chakula na maji wakati huo ni kumumaliza.

Huu ni ugonjwa na unatunzwa. Munganga anatoa diazepamu, anaipunguza polepole, pamoja na vitamini B1, ambayo inapaswa kutangulia serumu ya sukari. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Ambaye iko mbali aanzie kituo cha afya.

Nyuma ya wiki moja, kwa wengi kutetemeka kunaisha. Usingizi unaweza kukawia miezi. Ini lililojaa mafuta linaweza kupona. Tamaa itarudi, zaidi siku ya mushahara na kwenye kilio. Akirudilia kunywa, asifukuzwe nyumbani: aanze tena, na tena kwa munganga.