Habari Zilizofichwa katika Mkojo

Msomaji, bila shaka umepata kumwona mkulima amebeba bomba mgongoni, akinyunyiza dawa ya magugu. Baada ya siku chache majani hukauka, naye hushukuru kwamba jembe limepumzika. Lakini dawa yenyewe imekwenda wapi? Jibu, ajabu ya mambo, lilipatikana katika kitu ambacho kila mtu hukitupa.

Dawa ninayoitaja ni glaifoseti. Nguvu zake za kuua mimea ziligunduliwa Marekani mwaka wa 1970 na John E. Franz, mwanakemia wa kampuni ya Monsanto, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1974 kwa jina la Roundup. Huzuia kimeng'enya ambacho mmea hauwezi kuishi bila hicho, na ambacho sisi wanadamu hatunacho. Kwa hiyo ilihesabiwa kuwa haina hatari kubwa kwa watu. Kisha mwaka wa 1996 wakulima wa Marekani wakaletewa soya iliyobuniwa isife kwa dawa hiyo. Sasa mtu aliweza kunyunyiza shamba zima, mazao na magugu pamoja, na matumizi yake yakapanda mno.

Kusini mwa California upo mtaa uitwao Rancho Bernardo. Tangu mwaka wa 1972 waganga walikuwa wakiwachunguza wakazi wake kwa ajili ya maradhi ya moyo, na mkojo wa baadhi yao ukawekwa akiba. Hao hawakuchaguliwa kwa kuwa ni wakulima, wala uchunguzi huo haukuanzishwa kwa ajili ya magugu. Miaka mingi baadaye wataalamu wakachukua mkojo wa watu 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 50, uliotolewa kati ya 1993 na 1996, wakaulinganisha na ule ambao watu walewale waliutoa kati ya 2014 na 2016. Hapo mwanzo dawa ilionekana kwa watu 12. Mwishoni ilionekana kwa watu 70. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 2017. Tazama basi faida ya kuweka akiba: chupa za zamani zilijibu swali ambalo zilipojazwa halikuwa limeulizwa.

Wajerumani nao walikuwa na ghala ya namna hiyo. Katika mkojo wa vijana wa mji wa Greifswald, dawa ilipimika kwa 10 katika kila 100 mwaka wa 2001. Miaka ya 2012 na 2013 wakapita 56, na mwaka wa 2015 wakashuka hadi 40.

Yatupasa kuzisoma hesabu hizi kwa uangalifu. Wastani wa wale wa California, hata mwishoni, ulikuwa mikrogramu 0.314 katika lita moja, na mikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Tena glaifoseti hutoka mwilini upesi, hivyo mkojo husimulia habari za siku chache tu zilizopita. Na kuionekana kwake si ugonjwa. Mwaka wa 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilisema kwamba yaelekea dawa hii huleta saratani. Mwaka uo huo wakaguzi wa chakula wa Ulaya wakasema haielekei. Mmoja aliuliza kama mtoni mna mamba. Mwingine aliuliza kama apitaye darajani ataumwa. Wa pili hawezi kujibu asipojua watu hupita karibu kiasi gani na maji, na hilo ndilo mkojo unaloweza kumwambia.

Mwaka wa 2020 zilitolewa habari za watu 16 wa jamaa nne za Marekani, waliokula kwa siku 6 chakula kilicholimwa bila dawa za viwandani. Glaifoseti katika mkojo wao ilipungua kwa asilimia 70 hivi. Hawakuhama nyumba zao wala kubadili kazi. Kilichobadilika kilikuwa sahani.