Kinyaa na Machozi: Watazamaji wa Sinema mbele ya Walemavu, 1932–1946

Wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika." Methali hii aghalabu huambiwa yule amchekaye kilema, ili akumbuke kwamba mwili ulio mzima leo waweza kukatika kesho. Katika makala haya tutaitumia kupimia hisia za watazamaji wa filamu mbili za Marekani. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1932, iliwatia watu kinyaa. Ya pili, ya mwaka 1946, iliwatoa machozi. Ni rahisi kudhani kwamba katika miaka hiyo 14 watazamaji walikuwa wamestaarabika. Dhana hiyo, kwa maoni yetu, haitoshi.

Filamu ya kwanza ni Freaks, iliyoongozwa na Tod Browning kwa kampuni ya MGM. Browning alikuwa amefanya kazi katika maonyesho ya sarakasi ujanani mwake, na waigizaji wake wengi walikuwa watu wa maonyesho hayo hasa. Miongoni mwao walikuwamo Prince Randian, asiyekuwa na mikono wala miguu, na Daisy na Violet Hilton, pacha walioungana. Sehemu kubwa ya filamu yaonyesha maisha ya kawaida: watu hula, hutaniana, hupendana, Randian huwasha sigara kwa midomo yake. Mwovu wa hadithi ni Cleopatra, mrembo mwenye viungo kamili, ambaye aolewa na Hans, mtu mfupi mno wa kimo, kwa tamaa ya urithi wake, kisha amtilia sumu.

Hata hivyo, watazamaji wa majaribio walichukizwa mno. Kampuni ikaikata filamu kutoka dakika 90 hivi hadi dakika 64 hivi. Nchini Uingereza ilipigwa marufuku hadi mwaka 1963. Yafaa pia tukiri kwamba Browning mwenyewe alichangia hofu hiyo: mwishoni awaonyesha watu wale wale wakitambaa matopeni usiku wa mvua, visu mikononi, wakilipiza kisasi. Aliowatambulisha kwetu kama majirani, akawageuza vitisho.

Filamu ya pili ni The Best Years of Our Lives, ya William Wyler, isimuliayo habari za askari watatu wanaorudi nyumbani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mmoja wao, baharia Homer, amepoteza mikono na hutumia kulabu za chuma. Aliyemwigiza, Harold Russell, hakuwa mwigizaji kwa kazi. Alikuwa askari aliyepoteza mikono yake miwili mwaka 1944 kwa ajali ya baruti mafunzoni. Katika onyesho moja watoto wanamchungulia Homer dirishani; naye, kwa hasira, anavivunja vioo kwa kulabu zake. Hapo Wyler amlaumu mwenye kuchungulia, wala si mwenye kuchunguliwa. Baadaye Homer anamwonyesha mchumba wake jinsi anavyovua kulabu hizo wakati wa kulala, na asivyoweza kujifanyia lolote baada ya hapo. Mwanamke hakimbii, amfunga vifungo vya nguo.

Kilichotukia mwaka 1947, tuzo za Oscar zilipotolewa, chatufunza mengi. Wakuu wa tuzo hizo, wakidhani Russell hangeshinda katika mashindano, walimwandalia tuzo maalum kwa kuwatia matumaini askari wenzake. Kisha, usiku ule ule, akashinda pia tuzo ya mwigizaji msaidizi bora. Basi kwa kazi moja alipokea tuzo mbili: moja ilimheshimu kwa yaliyompata, nyingine kwa aliyoyatenda. Wakuu hao waliiona huruma kuwa jambo la hakika, na ustadi wake kuwa jambo la shaka.

Basi, je, mioyo ilikuwa imebadilika? Kumbuka kwamba wakati filamu ya Wyler ilipotuzwa na Akademia ya Filamu ya Uingereza kuwa filamu bora, Freaks ilikuwa ingali marufuku nchini humo. Kilichobadilika ni nani alitazamwa. Homer alikuwa mwana wa jirani, aliyezaliwa mzima, akaumizwa akiwa mtumishi wa taifa. Kila mzazi aliweza kumwona mwanawe ndani yake. Randian, aliyezaliwa vile, hakumkumbusha mtazamaji yeyote hatari iliyomngoja yeye mwenyewe. Watazamaji wa mwaka 1946 walijililia.

Hapa ndipo methali yetu yenyewe inapofikia kikomo chake. Yatufundisha kutomcheka kilema kwa kuwa huenda nasi tukawa vilema. Yaani adabu yetu yasimama juu ya hofu yetu. Lakini aliyezaliwa na ulemavu hastahili heshima kwa sababu ni onyo kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na atajwe kwa namna isiyomdunisha. Haiulizi alipataje ulemavu huo. Sheria imekwisha kuvuka pale hisia ziliposimama. Mtazamaji atokaye katika jumba la sinema akipangusa machozi na ajiulize, kabla ya kujisifu kwa huruma yake, amemlilia nani.